Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kumwomba Mungu na Kuishi Vizuri na Watu

Maswali haya yametoka kwenye kikundi chetu cha maombi cha Alhamisi, Kirumba, Mwanza, si mbali na soko la samaki la Mwaloni. Wengi wetu tunauza dagaa au sangara. Wapo mafundi cherehani, vijana wa bodaboda, mwalimu mmoja mstaafu, na wavuvi pale mwezi unapowaruhusu. Tunatoka makanisa tofauti. Nimepewa kazi ya kuandika kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nalalamika kwamba tunajibu swali lilelile kila wiki. Si mchungaji, wala sijasoma chuo cha Biblia. Nimeuza dagaa miaka kumi na tisa. Ukiona nimekosea, nisahihishe kwa upole.

Kwa nini mnachanganya maombi na habari za kuishi na watu? Si mada mbili hizo?

Hata mimi nilidhani ni mbili. Fungua Mathayo sura ya 7. Mstari wa 7 hadi wa 11 ni habari ya kuomba: ombeni, tafuteni, bisheni, Baba wa mbinguni anajua kuwapa watoto wake vilivyo vyema. Wahubiri wengi wakifika hapo wanafunga Biblia. Jumapili nyingine wanaanza na mstari wa 12 kana kwamba ni somo jipya: watendeeni watu vile mnavyotaka mtendewe. Ila angalia huo mstari wa 12 unavyoanza. "Basi yo yote myatakayo mtendewe na watu, nanyi watendeeni vivyo hivyo." Umeliona hilo "basi"? Mvua imenyesha, basi leo hatuaniki. Huwezi kuielewa sehemu ya pili kama hukuisikia ya kwanza.

Mimi niliielewa kwa debe. Dagaa tunapima kwa sado na kwa debe. Debe likigongwa kitako kikaingia ndani kidogo, kila ukipima unabaki na viganja viwili vya dagaa ambavyo mnunuzi amevilipia, na mteja wa kutoka mbali hawezi kujua. Nilikuwa na debe la namna hiyo. Sikuligonga mimi, nililinunua likiwa hivyo, na huo ndio ulikuwa utetezi wangu kwa miaka miwili. Alfajiri napiga magoti: Bwana, nipe riziki yangu ya leo. Saa mbili asubuhi niko sokoni napimia watu na debe lile.

Siku niliyoigundua hiyo "basi" nilishikwa na aibu. Asubuhi nilikuwa namwomba Mungu anilishe, mchana namwonyesha kwamba sikutegemea atanilisha, ndiyo maana nimejichotea viganja viwili vyangu mwenyewe. Mtu aliyeamini kweli kwamba anaye Baba anayempa, ana haja gani ya kumwibia mwenzake? Niliingiza jiwe ndani ya debe, nikakigonga kitako kutoka ndani kikarudi mahali pake. Faida ikashuka, tena kwa muda mrefu. Sikuletewa muujiza wowote wa kufidia, na msitegemee niwaambie kwamba ulikuja baadaye.

Huo mfano wa samaki na nyoka maana yake nini hasa?

Hapa mniache niseme kidogo, maana ni mfano wetu huu: katika mstari wa 10 Yesu anauliza, mtoto akiomba samaki, baba yake atampa nyoka?

Yesu alikuwa akisema na watu wa ziwani. Ziwa la Galilaya ni dogo, takribani kilomita za mraba 166. Ziwa Victoria, lenye karibu 68,800, lingemeza maziwa mia nne ya namna hiyo. Lakini maisha ni yaleyale: mitumbwi, nyavu za usiku, dhoruba inayozuka ghafla, mtoza ushuru anayekusubiri nchi kavu. Hata samaki wana undugu. Kule kuna jamii ya sato, na kuna kambare, kambare huyuhuyu tunayemjua sisi.

Sasa, Myahudi hali kambare. Walawi 11 inakataza cho chote cha majini kisicho na mapezi na magamba, na kambare hana magamba. Ni mrefu, anateleza. Wapo wafafanuzi wa Biblia wanaodhani kwamba "nyoka" wa mfano ule ni samaki wa namna hiyo, wale wanaotupwa pembeni juya likishavutwa pwani. (Juya ni ndugu yake kokoro, wavu wa kukokota uliopigwa marufuku. Siku hizi Petro angekamatwa.) Mimi ningemtaja kamongo. Mtu wa bara akimwona kamongo mara ya kwanza anaruka: umbo la nyoka, anapumua hewa, maji yakikauka anajifukia kwenye tope anakaa. Wapenzi wa kamongo msinikasirikie, najua ana wateja wake.

Kwa hiyo swali la Yesu ni hili: mtoto ameomba samaki, je, kuna baba atakayempa kitu kinachofanana na samaki halafu si samaki, ili amdhihaki? Hiyo ndiyo hofu aliyokuja kuiondoa. Na hofu hiyo tunayo. Nimesikia watu wazima wakisema, "Usiombe uvumilivu, utaletewa matatizo." Au, "Usimwambie Mungu unampenda sana mtoto wako, atamchukua." Huyo si Baba anayesemwa pale. Huyo ni mwenye duka anayekutegea.

Halafu angalia kipimo anachotumia: "ninyi, mlio waovu." Hakusema wazazi wema. Pale mtaani kwetu kuna baba mmoja mlevi, kila mtu ana la kusema juu yake, na mengi ni ya kweli. Nimewahi kumwona akipanda kilima alfajiri, miguu haijamkaa sawa, mkononi sato mmoja kwenye kamba. Nikamuuliza anauza bei gani. Akanitazama kama nimemtukana. "Huyu wa mtoto, mama." Yesu anaanzia kwa mtu kama huyo kisha anasema: si zaidi sana Baba yenu?

Mbona mimi nimeomba na sijapewa?

Hili ndilo swali lenyewe, mengine yote huzunguka hapa.

Naanza na la lugha. Wanaojua Kigiriki wanasema yale maneno ombeni, tafuteni, bisheni yako katika hali ya kuendelea: endeleeni kuomba, endeleeni kubisha. Kiswahili chetu hakionyeshi hilo vizuri. Kwa hiyo kuomba mara nyingi si dalili ya imani ndogo. Mwomba Mungu hachoki, wazee walisema, nao waliujua uchovu.

La pili, usikubali mtu akuambie hukupewa kwa sababu imani yako haitoshi. Gethsemane, Yesu aliomba mara tatu kikombe kile kimwepuke. Hakikumwepuka. Paulo aliomba mara tatu mwiba wake uondolewe. Haukuondolewa. Kama imani ya hao wawili haikutosha, basi sote tufunge vitabu twende nyumbani.

La tatu ni gumu kulisema mbele za watu: mara nyingine Mungu ameshajibu, na jibu limepitia kwa mtu, na mtu amelikalia. Mama anasali kila usiku apate ada ya mtoto. Tajiri aliyemwanikia dagaa mwezi mzima hajamlipa. Je, Mungu ndiye hajajibu? Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele, na kelele hizo zimefika masikioni mwa Bwana. Nadhani baadhi ya maombi yanayosemwa hayajajibiwa yako mifukoni mwa watu waliokaa viti vya mbele kanisani. Ndiyo "basi" ileile.

La nne ni la mkopo. Mwaka mmoja niliomba mkopo upite, ule wa riba ya wiki ambao watu wameupa jina la kausha damu. Nilifunga siku tatu. Nilikataliwa kwa sababu mdhamini wangu aligeuka dakika ya mwisho, na nilimchukia yule dada karibu mwaka mzima. Wenzangu wawili waliopata siku ile, mmoja alinyang'anywa friji na godoro, mwingine alihama mji usiku. Hapo nilikuwa nimeomba nyoka kwa kudhani ni samaki.

Lakini nisiwadanganye kwamba kila "hapana" ina maelezo mazuri nyuma yake. Tulimwombea mtoto wa dada yangu, wiki tano, juu hospitali ya Bugando, zamu kwa zamu. Alifariki. Sikupata maelezo, na waliojaribu kunipa waliniumiza zaidi ya msiba wenyewe. Bado naomba. Nikiulizwa kwa nini, ninachoweza kusema ni kwamba sina mwingine wa kumlalamikia.

Mungu alikuwa wapi siku ya MV Bukoba? Na ya MV Nyerere?

Kila mwaka ikifika Mei kuna anayeuliza. Meli ya MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikiikaribia Mwanza, na makaburi ya waliokufa, pale Igoma, tunayapita tukienda Kisesa. Tarehe 20 Septemba 2018 ikawa kivuko cha MV Nyerere, hatua chache kabla ya kutia nanga kisiwani Ukara, wakafa watu zaidi ya 220. Katika kikundi chetu wamo waliozika mara zote mbili.

Yesu aliulizwa kitu kama hicho. Katika Luka 13 anataja mnara wa Siloamu ulioanguka ukaua watu kumi na wanane, na anakataa moja kwa moja kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine. Kwa hiyo anayesema abiria wale walikuwa na dhambi fulani ajue anabishana na nani.

MV Nyerere ilikuwa na uwezo wa kubeba watu 101. Idadi ya waliokufa peke yake inazidi mara mbili. Siwezi kumsingizia Mungu kazi ya aliyepakia. Upendo kwa jirani, kwetu sisi wa ziwani, una sura ya mkata tiketi anayesema "imejaa" na abiria asiyemtukana kwa kusema hivyo. Una sura ya boya. Nahodha wa mtumbwi anayesali vizuri sana kabla ya safari lakini hana boya hata moja, mimi simpandi.

Hilo halimalizi swali, najua. Mungu angeweza kuzuia. Wanafunzi walipokaribia kuzama walimwamsha Yesu kwa maneno makali: "Mwalimu, si kitu kwako kuwa tunaangamia?" Ni sala hiyo. Haina adabu, na iliandikwa. Ukifika kwetu na sala ya namna hiyo hatutakunyamazisha.

Na yule fundi aliyetolewa akiwa hai ndani ya MV Nyerere siku mbili baadaye: watu walishangilia kwamba Mungu ni mwema. Ni mwema. Ila usiliseme kwa sauti ukiwa umekaa karibu na mama aliyezika watatu. Kukaa naye kimya ni maombi pia. Wananchi wa Ukara waliokimbilia majini kuokoa watu siku ile, sijui nani kati yao ni mtu wa kanisani na nani si wa kanisani, na sioni kwamba inahusu.

Nikipanda mbegu, yaani nikitoa sadaka kubwa kwa mtumishi, maombi yatajibiwa haraka?

Hapana.

Watakusomea Luka 6:38: "kipimo cha kujaa na kushindiliwa, na kusukwa-sukwa hata kumwagika." Mstari mzuri, kila mwuza dagaa anauelewa kuliko profesa. Sado inavyojazwa, inavyotikiswa dagaa zishuke, inavyoongezwa hadi kilele kinamwagika. Lakini soma mstari wa 37 kabla yake: msihukumu, msilaumu, achilieni. Yesu alikuwa akizungumzia namna unavyompimia mwenzako, si bahasha. Toa sadaka, kanisa lina bili ya umeme kama wewe. Lakini kama Baba hampi mtoto nyoka, basi pia hamwambii mtoto alipie samaki kwanza.

Maji, mafuta, chumvi vya kuombea je?

Jibu la juu.

Lazima kusali kwa sauti kubwa? Kwa Kiswahili?

Si lazima yote mawili. Bibi yangu alikuwa akisali kwa Kisukuma, na sala yake ya asubuhi karibu yote ilikuwa neno moja, wabeja, asante, akilirudia huku akichochea moto. Biblia ipo kwa Kisukuma. Pale Bujora, Kisesa, ngoma na alama za Kisukuma ziliingizwa kanisani miaka mingi kabla wengi wetu hatujazaliwa, na mbingu hazikuanguka.

Kuhusu sauti, nina neno na wenzangu wa mikesha. Spika nne zimeelekezwa kwenye dirisha la mtu aliyetoka zamu ya usiku, huku ndani tunamwombea ampokee Yesu. Ungependa ufanyiwe hivyo na kikundi cha singeli? Zima spika mbili. Mungu hajapungua masikio.

Nimeonyeshwa katika maombi kwamba jirani yangu ni mchawi. Nifanye nini?

Usifanye cho chote. Usimwambie mtu. Tafadhali soma mpaka mwisho.

Kanda hii yetu ina deni la damu. Vikongwe wameuawa Usukumani kwa mapanga kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu. Macho ya mwanamke aliyepika miaka sitini kwa kuni na kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa, ndani ya nyumba isiyo na dirisha, ungetaka yawe na rangi gani? Kuanzia takribani mwaka 2007 dunia nzima ikasikia habari zetu nyingine: ndugu zetu wenye ualbino wakiwindwa, viungo vyao vikiuzwa kwa watu waliotaka utajiri wa samaki na dhahabu. Waliofanya hivyo hawakutoka mbinguni wala kuzimu. Walikuwa na majirani, na wengine walikuwa na mahali pa kukaa kwenye ibada.

Mambo haya huanzia kwenye sentensi kama hiyo yako: nimeonyeshwa. Mtoto ameugua, biashara imelala, mtu anakwenda kwa nabii, nabii anafumba macho na kusema, "Namwona mwanamke, ni wa karibu, anakuchekea usoni." Niambie kuna mtaa gani Mwanza usio na mwanamke wa karibu anayekuchekea usoni. Ukitoka hapo kila salamu ya jirani inakuwa ushahidi.

Hapa ndipo ninapoona kumwamini Mungu kunapopimwa, kuliko hata kwenye pesa. Kama unaamini Baba yako ni mwema na ana nguvu, humwogopi bibi wa nyumba ya tatu. Ukimwogopa kiasi cha kutaka aondoke mtaani, basi yeye ndiye uliyempa utukufu. Waraka wa kwanza wa Yohana unasema anayedai kumpenda Mungu huku anamchukia ndugu yake ni mwongo. Si "amepungukiwa." Mwongo.

Nini ufanye kama huwezi kulala? Mpeleke mtoto hospitali. Hesabu upya daftari la biashara. Halafu, ukiwa na ujasiri, mpelekee yule bibi ndoo ya maji, na umwamkie shikamoo kwa sauti ambayo majirani wengine wataisikia. Ile shikamoo ya hadharani inaweza kumlinda kuliko unavyodhani.

Kuwatendea watu wema maana yake nivumilie kupigwa na mume wangu?

Hapana, dada yangu. Aliyekuambia hivyo kwa kutumia Biblia aliishika juu chini.

"Watendeeni vile mnavyotaka mtendewe" ameambiwa na yeye pia. Tena Petro, akiwaandikia waume (1 Petro 3:7), anawaambia wawaheshimu wake zao, kusudi kuomba kwao kusizuiliwe. Yaani mwanaume anaweza kufunga siku arobaini na sala zake zisipite kwa sababu ya anavyomtendea mkewe. Mstari huo sijausikia ukihubiriwa kwenye ndoa hata mara moja, na harusi nimehudhuria nyingi.

Kumtakia mema anayekupiga ni pamoja na kumzuia asiendelee kuwa mtu wa kupiga. Vituo vya polisi vina dawati la jinsia na watoto. Nenda, na kama unaogopa kwenda peke yako, tutakwenda wawili. Kusamehe ni safari yake nyingine, haihitaji uwe umelala nyumba moja naye.

Na mwanakikoba aliyekula hela za wenzake?

Swali hili lilituchukua Alhamisi tatu na tulikaribia kuvunja kikundi. Wengine walisema tumsamehe, wengine wakasema twende kwake tukabebe televisheni.

Tulichokubaliana ni hiki: tujiulize tungetaka tufanyiwe nini kama ni sisi tuliokula hela. Mwalimu mstaafu akajibu kwa ukweli uliotuchekesha wote: "Ningetaka msahau." Kila mtu angetaka hivyo. Lakini tukachimba. Ungetaka kweli uishi mtaani miaka kumi ukikwepa watu kumi na wanane? Au ungetaka uitwe faraghani, usitukanwe mbele ya watoto wako, upewe kiasi unachoweza kulipa kila wiki, na deni likiisha liishe hata midomoni? Tulichagua hilo la pili. Amelipa zaidi ya nusu. Wawili kati yetu bado hawamsalimii, na kwa hilo tunaendelea kuomba, mmojawapo nikiwa mimi.

Tunaomba mgonjwa apone. Aache dawa?

Asiache. Si za kifua kikuu, si za presha, si za ARV, hata kidonge kimoja. Yakobo anasema waombeeni wagonjwa na kuwapaka mafuta, na enzi hizo mafuta yalikuwa dawa pia. Ndugu akimpelekea mgonjwa Bugando uji, daktari dawa, na wewe maombi, hakuna anayemkanyaga mwenzake mguu.

Majirani zangu ni Waislamu. Niwaombee waongoke, au niishi nao tu?

Waombee mema yote unayojiombea. Kisha ishi nao. Mwislamu anafundishwa Hadithi ya Mtume kwamba hajaamini mtu mpaka ampendelee nduguye kile anachojipendelea nafsi yake, na ndugu zetu Wakatoliki wana kitabu cha Tobiti kinachosema jambo usilolipenda usimtendee mtu. Kwa hiyo kwenye mstari wa 12 hatuna ugomvi mkubwa. Sikukuu ya Idi sahani ya pilau inavuka ukuta kuja kwangu, Krismasi inarudi na kuku. Sahani hairudi tupu. Nimegundua Krismasi iliyopita kwamba ninadaiwa sahani mbili.

Mimi sina uhakika kama Mungu yupo. Naweza kuja?

Njoo. Mtu mmoja katika Injili ya Marko alimwambia Yesu: naamini, nisaidie kutokuamini kwangu. Mwanawe aliponywa na sentensi hiyo yenye pande mbili. Kama hata hiyo ni nyingi, anza na ile nusu ya "basi": pima sado yako vizuri wiki hii, uone kama hutaanza kuhitaji mtu wa kumwomba.

Mnakutana lini, na nije na nini?

Alhamisi saa kumi na moja jioni, jua likishapungua na dagaa zimeshakusanywa kutoka kwenye chanja. Mvua za masika tunachelewa, maana kila mtu anakimbizana na turubai. Mbalamwezi ikiwa kubwa tunakuwa wengi kwa sababu taa haziwezi kushindana na mwezi na wavuvi wako nchi kavu. Zikija siku za giza, mwezi haupo, wanaume wanarudi ziwani, tunabaki akina mama, na mwishoni tunasimama dakika chache kuangalia taa zao zikiwaka moja moja huko majini, kila mmoja akijaribu kukisia ipi ni ya kwake. Njoo na kiti, vya kwetu havitoshi.